MPIGA MBIO WA MWITUNI

Somo: 2 Samweli 18:19-33, pamoja na Waebrania 12:1-3



Kabla hamjaendelea na maneno yangu, fungueni Biblia zenu mkaisome habari hii yote, maana mimi nitaigusa kwa ufupi tu. Ni habari ya vita vilivyopiganwa mwituni. Absalomu alimwasi baba yake, na majeshi ya pande mbili yakakutana katika msitu wa Efraimu, ng'ambo ya Yordani. Mwandishi atuambia jambo la kushangaza, ya kuwa siku ile msitu wenyewe uliwaua watu wengi kuliko silaha. Sisi wa Singida hatuhitaji kufafanuliwa sana neno hilo. Mtu aliyepita katika vichaka vya Itigi ajua kwamba si lazima mti uwe mrefu ndipo umpoteze mtu. Vichaka vile ni vifupi, lakini vimesongamana hata mtu akiiacha njia hatua chache tu haoni alikotoka wala aendako, naye akiita, sauti yake haifiki mbali.

Vita vilipokwisha, ilipasa habari ipelekwe kwa mfalme Daudi, aliyekuwa akingoja mjini, ameketi kati ya malango mawili. Zamani hizo habari ilikwenda kwa miguu ya mtu. Ahimaasi, mwana wa Sadoki kuhani, akaomba apige mbio yeye. Yoabu akamkataza, kwa kuwa mwana wa mfalme amekufa, na habari ya namna hiyo haimletei shukrani aichukuaye. Akamtuma Mkushi, yaani mtu mweusi wa nchi zilizo kusini ya Misri, mtu wa bara letu hili. Mkushi akainama, akaenda zake mbio. Jina lake hatuambiwi. Walakini Ahimaasi hakutulia. Akasihi tena na tena, hata Yoabu akachoka naye, akamwacha aende. Naye akashika njia ya uwandani, akampita yule Mkushi.

Angalieni neno hilo, njia ya uwandani. Maandiko hayasemi waziwazi Mkushi alipita wapi, lakini wafafanuzi hufikiri kwamba alifuata njia iliyonyoka ya vilimani na mwituni, iliyo fupi kwa kipimo bali ndefu kwa miguu. Na Ahimaasi akazunguka penye tambarare, akatangulia. Mlinzi aliyekuwa juu ya lango akamtambua kwa jinsi alivyokimbia. Mfalme akafurahi. Ndipo likaja swali, swali moja tu alilokuwa nalo yule baba: je, kijana yu salama? Hapo mwenye mbio nyingi akakosa la kusema. Alijibu kwamba aliona ghasia kubwa, asijue ilikuwa nini. Akaambiwa asimame kando. Kisha akafika Mkushi, akihema, wa pili; naye alikuwa na neno.

Huenda mzee mmoja akauliza, Mbio zina nini na kanisa? Namjibu kwamba Mtume Paulo hakuona haya kuzitaja. Alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, na karibu na mji ule, mahali paitwapo Isthmia, michezo mikubwa ilifanywa kila baada ya miaka miwili, kando ya hekalu lenye misonobari. Pale penyewe mshindi hakupewa fedha, bali taji la majani ya msonobari, au la mboga iliyokwisha kunyauka. Fikirini, taji lililonyauka kabla halijavikwa! Basi alipowaandikia Wakorintho juu ya taji lisilodumu, walimwelewa mara moja, kwa maana walikuwa wameliona kwa macho yao.

Hata zile mbio ndefu ziitwazo marathoni zina asili ya mjumbe. Wayunani wa kale walisimulia kwamba mwaka 490 kabla ya Kristo, Waajemi waliposhindwa huko Marathon, mtu mmoja alipiga mbio mpaka Athene, akatoa habari ya ushindi, akaanguka, akafa. Wenye elimu hawaikubali hadithi hiyo yote. Lakini kwa ajili yake, Michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa huko Athene mwaka 1896, mbio za namna hiyo ziliwekwa, na aliyeshinda alikuwa Spyridon Louis, mchukuzi wa maji. Urefu wake wa sasa, kilometa 42 na mita 195, ulitoka katika michezo ya London ya mwaka 1908, ukathibitishwa mwaka 1921.

Siku hizi mbio hizo hazipigwi mijini peke yake. Ziko zipigwazo porini na mwituni, ambazo njia yake ni ngumu na watu wake si wengi. Jirani zetu wa Kenya wanazo huko Lewa, kaskazini ya mlima Kenya, ndani ya hifadhi ya wanyama, tangu mwaka 2000. Njia ni ya vumbi, katikati ya migunga na nyasi, katika nchi iliyoinuka kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari, nayo hupanda na kushuka. Siku ya mbio walinzi wenye bunduki husimama njiani, na helikopta huzunguka juu ili kuwaondoa tembo, faru na simba. Mpiga mbio hawaoni wote wamlindao. (Wako wanaocheka wasikiapo kwamba watu hulipa fedha wapate kuchoka mbele ya simba, hali mama zetu huchoka bure kila siku kwa kwenda kisimani. Siwalaumu wanaocheka. Lakini fedha zile husaidia hifadhi, na shule, na matibabu ya watu wa kandokando, basi hazipotei.)

Mbio za mwituni zina adabu zake, nami napenda kuzieleza kidogo, maana ndani yake mna mafundisho. Barabarani mtu hutazama mbali. Mwituni hutazama hatua tatu nne mbele ya miguu yake, kwa ajili ya mizizi na mawe na mashimo. Mlima mkali haukimbiwi. Wenye akili huupanda kwa kutembea, mikono juu ya mapaja, wala hakuna awachekaye. Mteremko ndio uvunjao miguu, kwa sababu kila hatua misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuuzuia mwili usianguke. Yeyote aliyeteremka Sekenke kwa miguu kuelekea Wembere ajua jinsi magoti yanavyotetemeka chini. Wengi hudhani kwamba mlima ndio adui, wakajiachia wateremkapo. Na wakifika kilometa ya 30 miguu yao imekuwa kama magogo. Mwalimu aliyekaa miaka mingi kazini hatashangaa. Mara nyingi usharika wastahimili mwaka wa njaa, ukaja ukavunjika mwaka wa mavuno mema.

Tena kuna alama. Mwituni hakuna kibao cha barabara. Watengenezaji wa njia hufunga tepe za rangi mitini. Na sheria ni hii: ukienda kitambo kirefu pasipo kuona utepe, usiendelee kwa kutumaini kwamba njia itajinyosha yenyewe mbele; rudi mpaka kwenye utepe wa mwisho uliouona. Jambo hili ni chungu kwa mpiga mbio. Kurudi ni kupoteza dakika alizozinunua kwa jasho, tena ni kukutana uso kwa uso na wale waliokuwa nyuma yake. Kwa hiyo wako waendeleao, wakazidi kupotea kwa bidii nyingi. Kwetu tepe hizo twazijua tangu utoto: Amri, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Ushuhuda wa Dhambi, Meza ya Bwana. Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 alikuwa amekwisha kuzikagua sharika za Saksonia, akawakuta watu waliobatizwa wasioijua hata Sala ya Bwana. Hakuwatengenezea njia mpya. Aliwarudisha kwenye utepe wa mwisho. Mwinjilisti ambaye usharika wake umechanganyikiwa kwa mafundisho ya kila upepo, asiwe na haraka ya kutafuta neno geni la kuwavuta watu. Aanze tena Amri ya kwanza, polepole, jioni kwa jioni.

Lakini ugumu mkubwa wa mbio za mwituni ni upweke. Katika mbio za mji mkubwa watu hujaa kando ya njia, wakipiga makofi tangu mwanzo hata mwisho. Mwituni, baada ya kilometa chache, wachache walioanza pamoja wametawanyika, na kila mmoja yu peke yake na pumzi zake. Hapo mtu aweza kuketi chini ya mti, aweza kukata njia, na hakuna amwonaye. Mbio hazishindwi mbele ya makofi. Hushindwa pale kati, pasipo shahidi.

Na huko Lewa liko jambo moja lililonishika moyo kuliko mengine yote. Njia yake ni duara ya kilometa 21. Anayepiga nusu huizunguka mara moja akamaliza; anayepiga yote huizunguka mara mbili. Basi mtu wa mbio ndefu, akiisha kukimbia kilometa 21, huja mpaka mahali pale pale pa kumalizia. Aona wenzake wakivikwa nishani, wakinywa maji, wakijilaza kivulini. Naye hana budi kupita, aache kivuli na makofi, aingie tena katika vumbi lile lile alilokwisha kuliona, na jua sasa limekuwa kali. Mzunguko wa kwanza hukimbiwa kwa miguu mipya na macho ya ugeni. Mzunguko wa pili hauna jipya.

Wazee wangu, je, hamwoni hapo mambo yetu ya Kipaimara? Kila mwaka twawaona vijana wamesimama mbele ya madhabahu, wamevaa vizuri, wamejibu maswali, wameahidi. Nyumbani kuku amechinjwa, jamaa wametoka mbali, picha zimepigwa. Kisha Jumapili ya tatu au ya nne nafasi zao ni tupu. Twasema vijana wa leo hawana saburi. Lakini ni nani aliyewaambia kwamba wamefika? Sharika nyingi zimezoea kuwapigia vigelegele kana kwamba mahali pale ni mwisho, wala hazikuweka mtu hata mmoja njiani mbele yao, mwenye kibuyu cha maji. Kijana akimaliza mafundisho ana mwalimu, ana wenzake, ana siku aitazamiayo. Siku ya pili yake hana hata kimoja cha hivyo. Ameingia mzunguko wa pili peke yake: kazi ya kibarua mjini, au ng'ombe wa baba yake huko porini, au ndoa yenye taabu, na kengele ya kanisa iko mbali. Hapo ndipo mwituni.

Nitawatajia mtu mmoja ambaye habari zake zafaa kusomwa katika kila darasa la Kipaimara. Ni John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, jirani zetu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alipiga marathoni ya Olimpiki katika mji wa Mexico, ulioinuka kupita mita 2,200 juu ya bahari, penye hewa nyepesi iliyowatesa wengi. Walioanza walikuwa 75. Kabla ya kufika nusu ya njia, katika msongamano, alianguka. Goti likateguka, bega likaumia. Akafungwa bendeji, akainuka. Watu 18 waliacha njiani siku ile, na baadhi yao hawakuwa wameumia kama yeye. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3 dakika 25 na sekunde 27, akichechemea, bendeji ikining'inia, usiku ukiingia. Alikuwa wa 57, na wa 57 ndiye wa mwisho. Watu wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii, ya kuwa nchi yake haikumtuma safari ndefu vile ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Watu husifu sana jibu hilo, nao wafanya vema. Mimi nalisikia ndani yake neno moja hasa, neno la kutumwa. Hakusema kwamba yeye ni hodari. Hakusema hata kwamba alipenda kumaliza. Alikumbuka aliyemtuma. Ahimaasi alikimbia kwa sababu alitaka kukimbia. Aliomba ruhusa mara tatu. Mkushi alikimbia kwa sababu alitumwa. Tofauti hiyo haionekani uwandani, pale wote wawili walipokuwa na pumzi. Imeonekana langoni.

Nawakumbuka pia wale wachache waliosalia uwanjani Mexico mpaka giza. Waliposikia kwamba yuko mmoja bado njiani hawakuondoka, nao wakampigia makofi yule wa mwisho kama wampigiavyo wa kwanza. Katika sharika zetu twajua sana kumkaribisha anayerudi akiwa na ng'ombe wa sadaka. Yule ajaye akichechemea, baada ya miaka kumi ya kutoonekana, binti aliyezaa nyumbani, mlevi aliyeacha pombe juzi na hana hakika ya kesho, hao huketi nyuma kabisa, na baada ya ibada hupita katikati yetu kama wapitao mtaa wa kigeni. Taa imezimwa mapema mno.

Sasa nije kwa mwana wa nchi hii. Alphonce Simbu alizaliwa kijiji cha Mampando, wilaya ya Ikungi, hapa hapa Singida. Mwaka 2016 alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio de Janeiro. Mwaka 2017, katika mashindano ya dunia huko London, alipata nishani ya shaba, na nchi yote ikamshangilia. Hapo ukawa mwisho wa mzunguko wake wa kwanza, twaweza kusema. Ikafuata miaka minane. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanywa mwaka 2021, alikuwa wa saba. Huko Paris mwaka 2024 alikuwa wa 17. Mtu wa 17 haandikwi sana magazetini. Yeye akazidi kuamka alfajiri. Mwezi wa Aprili 2025 alikuwa wa pili huko Boston. Na tarehe 15 Septemba mwaka ule ule, katika mashindano ya dunia huko Tokyo, katika siku ya joto na mvuke, alishinda kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Tanzania haikuwa imepata dhahabu katika mashindano hayo kabla yake. Mwenziwe aliyemfuata, Amanal Petros wa Ujerumani, aliandikiwa saa na dakika na sekunde zizo hizo. Ilibidi picha itazamwe, ikaonekana kwamba wametengana kwa sehemu 3 za mia za sekunde moja. Simbu mwenyewe alieleza baadaye kwamba alipovuka mstari hakujua kama ameshinda, mpaka alipoona jina lake juu ya ubao wa matangazo.

Hapa nawaonya wahubiri wenzangu. Habari hii ni tamu, nayo yaweza kutupotosha. Tusisimame madhabahuni tukasema, Tazameni, mwenye saburi Mungu humpa dhahabu. Yule Petros alizaliwa Eritrea, akaenda Ujerumani kama mkimbizi angali kijana mdogo, akijifunza lugha ngeni na baridi ngeni. Naye alikuwa na saburi, naye alianguka chini penye mstari kwa kujitoa mwili wote, naye hakupata dhahabu. Akhwari alikuwa na saburi, akawa wa mwisho. Tukiwafundisha vijana kwamba imani hulipwa kwa ushindi, tutawapoteza wote watakaoshindwa, nao ndio walio wengi. Waebrania 12 haituahidi kumpita jirani. Yatuagiza kuweka chini mizigo, na dhambi ituzingayo kama miiba ya kichakani, na kuzipiga mbio zile tulizowekewa sisi, wala si za mwingine, macho yetu yakimwelekea Yesu.

Nami nimewaza, kwa nini macho yamwelekee yeye? Kama angekuwa mfano tu wa mpiga mbio hodari, kumtazama kungetuvunja moyo, kama kijana wa kijijini atazamavyo mbio za bingwa wa dunia asemavyo moyoni, Mimi siwezi. Lakini mtazameni alipokuwa penye miti ya Gethsemane. Ni usiku. Makofi ya Jumapili ya matawi yamekwisha. Wenzake watatu, aliowaomba wakeshe naye, wamelala. Yu peke yake kati ya mizeituni, na njia iliyo mbele yake ni ile asiyoitamani, hata aomba iondolewe kama inawezekana. Pale angeweza kukata njia. Hakuna mlinzi aliyemwona, na mlima wa Mizeituni una mapito mengi yanayoelekea jangwani. Hakukimbia. Akainuka, akawaamsha waliolala, akawakabili wale wenye mienge. Sehemu ile isiyo na shahidi, ambapo sisi hushindwa, yeye aliipita kwa ajili yetu. Basi tukimtazama hatumtazami bingwa aliye mbali mbele yetu. Twamtazama mmoja aliyekwisha kupita hapa hapa tulipo, akarudi kutuchukua. Aliyeketi chini ya mti hajaachwa. Aliyepotea hajafungiwa nje. Utepe wa mwisho ungali umefungwa palepale, nao ni ubatizo wake.

Injili ilifika Iramba na Unyaturu kwa miguu. Wamisionari wa Augustana kutoka Marekani walianza kazi yao huku katika miaka ya 1920, nasi twawashukuru. Lakini waliolipeleka neno mbuga kwa mbuga na boma kwa boma, wakivuka mito ya mchanga na kulala njaa, walikuwa walimu wenyeji. Majina ya baadhi yao yamo vitabuni. Ya wengi hayamo, kama lilivyokosekana jina la Mkushi. Neno waliloagizwa walilifikisha.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa kila usharika wafanye jambo moja mwezi huu. Mkichukue kitabu cha Kipaimara, mkafunue ukurasa wa miaka mitano iliyopita, wala si wa mwaka huu. Someni majina yote kwa sauti katika baraza. Penye kila jina mwulizane: Yuko wapi? Nani alimwona mwisho? Msiandike taarifa ya kupeleka mahali popote. Gawaneni majina hayo, mawili mawili au matatu matatu, na kila mzee aende kwa miguu yake, au kwa baiskeli, mpaka mahali yule mtu alipo sasa. Akiwa mjini Singida au Manyoni au mbali zaidi, apigiwe simu, na mwinjilisti wa huko aarifiwe. Mzee asiende kumkaripia. Aende kama yule anayesimama kwenye kilometa ya 30 na maji. Amwulize habari za afya, na za watoto, na za kazi, amsomee kifungu kifupi, aombe naye, aseme ni siku gani atakuja tena, na siku hiyo aje. Kwa walio wagonjwa, pastor apelekewe habari ili awachukulie Meza ya Bwana.

Nanyi walimu, mkiisoma habari ya 2 Samweli 18 katika ibada za jioni, isomeni yote. Wako wapendao kukomea pale Mkushi anapofika na neno lake, maana hapo pana ushindi. Endeleeni mpaka mfalme apandapo chumba kilicho juu ya lango akamlilia mwanawe. Mkushi alisimama pale akakisikia kilio hicho. Hakuwa na la kuongeza, wala hatuambiwi kwamba aliondoka.